Kadi mpya kwenye desktop ya zamani: anza na pawa saplai

Madogo wanaoanza editing na gemu huwa wananiuliza "bro nina laki kadhaa, nichukue kadi gani kali ya picha (graphics card)?" na mimi najibu kwa swali, pawa saplai yako (lile boksi la ndani linalogawa umeme) imeandikwaje ubavuni? Mtu anaona namzingua. Simzingui, hilo swali nilitakiwa kuulizwa mimi kabla sijaingia Kariakoo na hela yote mfukoni.

Nilikuwa na Dell OptiPlex 9020 ya tawa (kesi ndefu ya kusimama), zile used za maofisini zinazoshuka kwa makontena, prosesa i5 ya generesheni ya nne, RAM 8. Mashine ngumu haijawahi kunisumbua, ila video za harusi zilikuwa zinaitoa jasho. Nikajichanga, nikachukua RTX 3060 ya GB 12, naifikisha home nafungua kesi, kadi inataka waya wa pini 8 na humo ndani hamna waya kama huo hata mmoja. Nikarudi kwa fundi, akanipa kiadapta kinachochukua umeme kwenye waya wa SATA, ule wa hard disk, akasema "hii inapiga kazi kaka usiwe na presha". Kweli ikawaka, Windows ikaiona, nikaweka draiva, nikafurahi kama siku mbili hivi. Siku ya tatu nikaanza kurenda (kuitoa video iliyokamilika), dakika ya kumi nasikia harufu ya plastiki, nikachomoa kwenye ukuta fasta, kile kichwa cha SATA kilikuwa kimeshaanza kuyeyuka na kugeuka kahawia. Kadi ilipona kwa bahati tu.

Sasa ona hesabu ambayo ningeipiga kabla ya yote ningebaki na hela yangu. Sloti ndefu ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye bodi mama (motherboard), inatoa mwisho wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. RTX 3060 inakula mpaka 170. Kichwa cha SATA kwenye volti 12 kimetengenezwa kwa wati 54, yaani mimi nilikuwa namtwisha punda mzigo wa lori. Halafu pawa saplai yenyewe ya ile tawa ni wati 290, prosesa peke yake inaweza kutaka 84, ukijumlisha na kadi ushafika 254 hujahesabu disk, feni na bodi. Na usisome ile namba kubwa tu ya kwenye stika, tafuta mstari wa +12V uzidishe ampea kwa 12, maana kadi na prosesa vinakula hapo hapo, ukikuta 18A ujue una wati 216 za maana, hizo nyingine zimegawanywa kwenye volti ndogo ndogo ambazo kadi haina shida nazo.

Utasema si nibadilishe tu pawa saplai. Badilisha, ila fungua kwanza uangalie inavyochomekwa kwenye bodi. Desktop nyingi za ofisi hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24, hiyo 9020 yangu bodi ina pini 8, EliteDesk za HP za enzi hizo ni pini 6. Kuna adapta zake kabisa za 24 kwenda 8 na zinafanya kazi, hizo ni tofauti na kile kiadapta changu cha SATA usije ukachanganya, ila agiza ya modeli yako hasa. Na kama kesi ni ile nyembamba ya SFF basi pawa saplai ya kawaida haiingii humo, sahau. Hapo unatafuta kadi fupi ya low profile yenye bamba lake fupi, na upime upana pia, kwenye baadhi ya hizo kesi sloti ndefu imebanana na pawa saplai, kadi nene inagoma kuingia unabaki kuitazama.

Ndiyo maana kwa mtu mwenye desktop ya ofisi nasema tafuta kadi isiyotaka waya wa ziada. GTX 1650 nyingi za wati 75 ziko hivyo (sio zote, zipo zenye pini 6, angalia juu ya kadi kwa macho yako), RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 ni wati 70, RX 6400 ni 53. Hiyo RX 6400 na ndugu yake RX 6500 XT zina mtego wake, zinatumia leni (njia za data) 4 tu za PCIe. Kwenye bodi mpya ya PCIe 4 husikii kitu, kwenye bodi yako ya PCIe 3 njia inakatika nusu, na kwa kuwa nyingi zina memori ya GB 4 tu, ikijaa kadi inaanza kukopa RAM kupitia hako kanjia kembamba na gemu linaanza kushtuka shtuka. Kadi za Arc za Intel nazo zinataka Resizable BAR (seting ya bodi inayoiachia prosesa ifikie memori yote ya kadi kwa mkupuo) ili zikimbie vizuri na bodi za zamani hivi hazina, ziache.

Kuhusu prosesa kuzidiwa, hapa watu wanatishana mno. Inategemea unafanya nini bwana. Kama unarenda kwa kadi kwenye Blender (programu ya 3D), prosesa ya zamani inapeleka mzigo halafu inakaa pembeni kadi inachapa kazi, utaona faida karibu yote. Kama ni gemu ya mpira kwenye i5 ya kore nne, prosesa inagonga asilimia 100 kadi inapiga miayo kwenye 50, na hapo ukinunua kadi kubwa zaidi umenunua miayo mikubwa zaidi. Kabla ya kulaumu kadi angalia RAM, wengi wana kipande kimoja cha 8 wakati vipande viwili vinafungua njia mbili, na hiyo ni hela ndogo.

Kitu kingine ni monita. Zile za bei poa zenye VGA tupu kadi mpya hazizijui, hiyo plagi haipo tena nyuma. Utahitaji kibadilishaji chenye chipu ndani, sio waya mtupu. Na ukiona mtu anakuuzia "GTX 1050 Ti" halafu nyuma ina VGA, mrudishie na tabasamu, hiyo ni kadi ya zamani imebadilishwa jina kwenye BIOS yake (programu ndogo iliyo ndani ya kadi). Mwambie awashe mashine ufungue GPU-Z, programu inayosoma kadi, pale pale dukani, ikiwa feki inakuandikia FAKE mbele ya jina.

Mimi ile 3060 nilimuuzia jamaa mwenye mashine yenye pawa saplai ya kueleweka, nikachukua 3050 ya GB 6 na kipande cha pili cha RAM, na chenji ikabaki. Harusi zinatoka.

Juzi saa tano usiku dogo mmoja kanipigia karibu analia, kaweka kadi, feni zinazunguka, gemu liko vile vile kama jana, anasema kapigwa feki. Nikamwambia geuza kesi unitumie picha ya nyuma. Waya wa HDMI wa monita ulikuwa bado umechomekwa kwenye bodi, sio kwenye kadi.