Mnyama wa Mkiani Huharibika Kuanzia Kingoni

Kijana anayesomea ufundi wa ndege ameniandikia juzi: "Shikamoo fundi. Yule mnyama wa mkiani ni rangi au ni stika? Na mbona wengine wanabanduka hata kabla hawajapauka?" Marahaba, mdogo wangu. Swali lako la pili ndilo lenye uzito, na jibu lake ni kingo.

La kwanza nalimaliza haraka. Nembo yenye rangi chache, mfano wa twiga wa Air Tanzania, inaweza kupigwa kwa stensili na bunduki ya rangi. Picha ya mnyama halisi, mwenye manyoya yanayohesabika na mng'ao jichoni, kama wale wa shirika la Frontier la Denver, Marekani, ambako kila ndege ina mnyama wake na jina lake, kwa kawaida huchapishwa kwenye filamu, yaani stika ya plastiki nyembamba yenye gundi, na kufunikwa kwa tabaka angavu la kuzuia jua. Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jua lake ni kali, na majira ya baridi mkia humwagiwa dawa ya moto ya kuyeyusha barafu. Filamu inayodumu kule ni ile iliyobandikwa kwa adabu.

Anza na rangi ya chini. Ikiwa mbichi, hewa ya kemikali yake itatoka chini ya filamu na kutengeneza malengelenge. Subiri siku zilizoandikwa na mtengenezaji, hata kama meneja amesimama mlangoni na saa mkononi. Kisha futa kwa spiriti ukitumia vitambaa viwili: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu, na kikavu kipite kabla spiriti haijajikaukia. Ukichelewa, grisi inarudi palepale ilipokuwa.

Picha huja kwa vipande, na mpangilio wake ni wa kuezeka makuti. Anayeezeka huanza chini ili kuti la juu lilalie la chini na maji yateremke bila kuingia. Mkiani kuna mvua na kuna upepo, kwa hiyo anza chini na nyuma, kisha panda kuelekea juu na mbele. Kipande cha mbele kikilalia cha nyuma kwa milimita 12 hivi, upepo unapita juu ya kiungo. Ukigeuza mpangilio, upepo unaingia chini ya ukingo kama kucha, na sungura wako atapoteza sikio.

Nyunyiza maji yenye matone machache ya sabuni, weka kipande, kisha kamua kwa kipanguo cha plastiki kutoka katikati kwenda nje. Usiache hata kiputo kidogo. Mita 11,000 juu, shinikizo la hewa ni chini ya robo ya lile la pwani, kwa hiyo kiputo cha ukubwa wa punje ya mtama kinavimba na kuinua filamu kila safari. Kitoboe kwa sindano ukiilaza, pembeni mwa kiputo, halafu kamua kuelekea kwenye tundu.

Usikate filamu kwa wembe juu ya ndege. Kwenye alumini mkwaruzo ni mwanzo wa ufa, na kwenye mkia wa nyuzi za kaboni unakata nyuzi zenyewe. Vipande vikatwe mezani kabla havijapanda jukwaani, kona zote ziwe za mviringo. Kona kali ndiyo ya kwanza kuinuka.

Sasa usukani wa mkia, kile kipande cha nyuma ya mkia kinachogeuka kuelekeza ndege kushoto au kulia, mahali ambapo wengi wanajidanganya. Mnyama hupita juu ya pengo kati ya mkia na usukani, lakini filamu isivuke pengo: ikome kabla ya ukingo kila upande, na isizibe matundu ya kutolea maji. Usukani umepimwa uzito na mizani yake. Ukiongeza tabaka juu ya tabaka bila kufuata kitabu cha matengenezo, unaweza kuleta mtetemo hewani. Mnyama mpya asipakwe juu ya wa zamani. Mkia wa kaboni hauvumilii rangi nene, maana radi ikipiga, rangi nene inabana nguvu yake mahali pamoja na tundu linakuwa kubwa zaidi. Dawa za kuvua rangi za alumini nazo usiziguse hapo, zinakula gundi inayoshika nyuzi. Tumia msasa, taratibu.

Kingo zote zimalizie kwa rangi ya kuzibia, nusu juu ya filamu na nusu juu ya mkia. Ninawasihi wenzangu, hatua hii msiiruke. Inarukwa kila siku kwa sababu ukiwa chini hauioni.

Baada ya hapo ni kutunza. Osha kwa sabuni isiyo kali na brashi laini, ukipaka kutoka chini kwenda juu ili michirizi isishike, kisha suuza kutoka juu. Maji ya presha yasielekezwe kwenye ukingo. Chunguza chini ya mitambo inayosukuma usukani: mafuta ya haidroliki ya zambarau yakivuja yanalainisha rangi na filamu pia. Ukiyaona, ziba uvujaji kwanza.

Ukingo ulioinuka usiurudishe kwa gundi ya dukani, kwa kuwa vumbi limeshaingia chini. Kata sehemu hiyo kwa mkato wa mviringo, ukiwa umeinua filamu na kuweka karatasi ya plastiki chini yake, safisha, bandika kiraka kinachozidi kila upande, kisha zibia. Wiki inayofuata pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wa mbele wa kiraka. Kucha ikinasa, rudia.