Jibu: Kibanda cha mboga cha familia Kayole, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Umeuliza mkodi kibanda kwanza au mtafute leseni, na kati yako, mama na kaka nani ashike pesa.

Kabla ya kulipa kodi, simama hapo jioni watu wakishuka matatu. Wakipitia ng'ambo ya barabara, achana napo. Marikiti, soko la jumla la mboga Nairobi, fikeni alfajiri, na kreti ya nyanya ikague mpaka chini. Za juu huwa zimepangwa. Pesa yote ipitie nambari moja ya Lipa na M-Pesa, si simu ya mtu. Sukuma wiki ya kupika nyumbani iandikwe daftarini, hata ya mama (kwetu ugomvi ulianzia hapo). Mkishapata mahali, chukueni kibali cha kaunti, na kila anayeshika chakula apimwe afya kila miezi 6.