Lugha moja, Git, na kujua kuuliza

Ndugu, umeuliza uanze na lugha ipi ya programu, na kama ni kweli waajiri wanaangalia pia unavyoelewana na watu.

Chagua Python au JavaScript, yoyote tu, ukae nayo mpaka uandike programu ndogo bila kufuata video. Kurukaruka ndiko kunakowapotezea wengi muda. Ongeza SQL, lugha ya kuulizia na kubadilisha data, maana data za mifumo mingi zinakaa kwenye hifadhidata, na Git, programu iliyoanzishwa na mwandishi wa programu Linus Torvalds mwaka 2005. Timu nyingi mno zinaitumia kutunza historia ya msimbo, yaani maandishi ya programu.

Hilo la watu ni kweli, tena linaanzia kwenye kuuliza. Ukimwandikia mwenzako "haifanyi kazi, nisaidie", itabidi akuhoji kama polisi. Andika hivi: "Nikihifadhi jina lenye ritifaa, mfano O'Brien, seva inarudisha kosa 500. Majina mengine yanapita. Nadhani ritifaa inaikata hoja ya SQL." Hapo anajua pa kuanzia: kosa 500 ni hitilafu ndani ya seva, na hoja ni ombi linalotumwa kwenye hifadhidata. (Na atakachokuambia ni kwamba usiunganishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye hoja, tumia vigezo (nafasi zinazoyapokea maneno hayo kama data tu, si kama amri), la sivyo umewafungulia wadukuzi mlango.)

Msimbo wako ukikaguliwa ukarudi umejaa maoni, usinune. Uliza sababu, rekebisha, endelea. Hisabati ngumu isikutishe kwa sasa: kazi nyingi za tovuti hazidai zaidi ya mantiki na hesabu za kawaida.