Majina ya ukoo: maswali yenu na majibu

Safari hii barua nyingi zimetoka Kigoma, nanyi wa Tabora mjirekebishe. Nimeruka zile zinazouliza jambo lililokwishajibiwa humu mara tele. Wengine nimewajibu kwa mstari mmoja kwa sababu swali halikuhitaji zaidi.

Mwalimu, shikamoo. Huku kwetu watembeza wageni husema Livingstone maana yake ni "jiwe lililo hai", na kwamba alipewa jina hilo kwa ajili ya kazi ya Injili. Ni kweli? (Msomaji, Ujiji)

Marahaba. Si kweli, na anayewaambia wageni hivyo aache. Livingstone ni jina la mahali. Upo mji Scotland, magharibi ya Edinburgh, unaoitwa Livingston. Zama za kati aliishi hapo bwana mmoja aliyeitwa Leving, na makazi yake yakajulikana kwa jina lake. Ile "ton" ya mwisho ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya boma au kijiji. Watu waliohama kutoka huko wakaondoka na jina la kwao, kama vile kwetu mtu huitwa Mgalla au Mrundi na watu wasiojua ukoo wake. Daktari wetu alizaliwa nalo mwaka 1813, Blantyre, wala hakuna aliyejua wakati huo kuwa angekuja kuhubiri.

Jiwe lipo, ila liko kwa mwenzake. Stanley linatokana na *stan*, jiwe, na *leah*, uwazi katikati ya msitu: uwazi wenye mawe. Lakini Stanley naye hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akaitwa John Rowlands, akavuka kwenda Marekani akiwa kijana, na huko New Orleans akajitwalia jina la mfanyabiashara mmoja. Ukitafuta mababu zake kwa kufuata ukoo wa akina Stanley utaishia kwa watu wasiomjua. Kwa hiyo hao wawili waliokutana hapo Ujiji mwaka 1871, wakaja kukaa pamoja kwenye tembe la Kwihara mwaka 1872, mmoja alibeba jina alilorithi kwa wazee wake na mwingine jina la kujipa. Waambieni wageni hilo.

Naitwa Shija lakini sina pacha. Imekuwaje? (Igunga)

Kulwa na Doto ndio mapacha. Shija ni yule anayezaliwa baada yao. Ama mama yako alitangulia kujifungua mapacha, ama umerithi jina la mzee aliyezaliwa hivyo. Muulize mama.

Nina wapangaji kutoka Burundi, ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja, lakini kila mmoja ana jina lake la mwisho. Jirani ananiambia vyeti vyao ni vya kughushi. Nifanye nini? (Mama mwenye nyumba, Kasulu)

Mwambie jirani aache kuharibia watu majina. Kwa desturi ya Burundi na Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na jina hilo halitoki kwa baba. Mzazi huliweka kutokana na imani yake au hali aliyokuwa nayo siku hiyo. Wewe ni wa Kasulu, unasikia Kiha, kwa hiyo majina hayo yanajieleza: Nkurunziza ni habari njema, Niyonzima ni "Yeye ndiye aliye hai", Ndayishimiye ni "namshukuru", Hakizimana ni "Mungu ndiye aokoaye". Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina hayo yote na baba yao akawa na la tano.

Nchi nyingi ziko hivyo. Ethiopia mtu hubeba jina lake na la baba yake, basi. Abiy Ahmed ni Abiy mwana wa Ahmed, na kumwita "Bwana Ahmed" ni kumwita baba yake. Iceland mtoto wa kiume wa Jón huitwa Jónsson na wa kike Jónsdóttir, na mtoto wa huyo Jónsson atachukua jina la kwanza la baba yake, si Jónsson tena.

Na sisi tusijifanye tofauti. Mtanzania wa kawaida ana jina lake, la baba na la babu. Ukipata mtoto, jina la babu yako linaanguka. Kile fomu inachokiita "jina la ukoo" kwetu mara nyingi ni jina la mzee mmoja tu, na baada ya vizazi viwili halipo kwenye karatasi yoyote. Mfano ni Mwalimu Nyerere. Baba yake aliitwa Nyerere Burito. Kwa utaratibu wetu angeandikwa Kambarage Nyerere Burito, na Burito ndilo lingekuwa la mwisho. Likasimama la Nyerere, watoto na wajukuu wakabaki nalo, na sasa limekuwa jina la ukoo kweli.

Majina ya ukoo ya lazima ni matakwa ya serikali zilizotaka kujua nani ni nani kwa ajili ya kodi na jeshi. Japani iliwalazimisha raia wote mwaka 1875. Uturuki ilipitisha sheria yake mwaka 1934, na ndipo Mustafa Kemal akapewa jina Atatürk, baba wa Waturuki. Kwa hiyo wapangaji wako hawana kasoro. Ila uwashauri jambo moja: watunze vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili, maana bila hivyo kuthibitisha undugu itakuwa kazi.

Naomba maana ya jina langu. Asante.

Barua za namna hii zimejaa, na hii hata jina lenyewe haina. Nimesema na ninasema tena: andika jina, kabila la mzee aliyekuwa nalo kwanza, kijiji chake, na kama alilipata kwa kuzaliwa, kwa jando, kwa ubatizo au kwa utani. Jina moja laweza kuwa na maana moja Sikonge na nyingine Kibondo. Atakayekujibu bila kukuuliza hayo anakisia.

Kuna msomi mmoja alisema redioni kwamba neno simba tumelipata kwa Makalasinga, kwa sababu Singh maana yake ni simba. (Nzega)

Nusu ya kwanza si kweli, nusu ya pili ni kweli. Singh linatokana na *simha* ya Kisanskriti, yaani simba, na ndilo lililomo hata katika jina la Singapore, mji wa simba. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh aliagiza wanaume wa Kalasinga waliobatizwa wachukue jina Singh na wanawake Kaur, ili watu waache kupimana kwa majina ya matabaka.

Lakini simba wetu ni Mbantu tangu asili. Wasukuma wanamwita *shimba*, na neno hilo lina ndugu katika lugha za Kibantu zilizo mbali sana na pwani, kwa watu ambao hawakuonana na Mhindi hadi juzi. Maneno mawili kufanana sauti si undugu. Ukitaka kuona Singh aliyeingia Kiswahili, yumo katika neno Kalasinga lenyewe. Na ninachoka na tabia hii ya kudhani kila neno letu zuri limeletwa na jahazi.

Babu yetu mzaa baba aliitwa Milambo, na tunayo stakabadhi yake ya kodi ya kichwa yenye jina hilo. Tunataka kuanza kujiandika ukoo wa Mtemi Mirambo. Tunahitaji nini kingine? (Wajukuu, Urambo)

Mnahitaji kila kitu, kwa sababu mpaka sasa hamna chochote. Mirambo hakuzaliwa na jina hilo. Aliitwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti, na alilichukua alipokuwa akijijenga. Alifariki Desemba 1884, na tangu hapo watu chungu nzima wasio na damu yake wamewaita watoto wao hivyo kwa heshima. Tofauti ya *l* na *r* isiwape matumaini wala hofu. Kinyamwezi hakizitenganishi, karani aliandika alivyosikia. Hapa Tabora mjini kuna shule ya Milambo na kambi ya Mirambo, na mtu ni yuleyule.

Picha ya stakabadhi mliyonitumia nimeiangalia vizuri. Imeandikwa Milambo bin Saidi. Swali lenu basi si Milambo, ni Saidi: alikuwa nani, alitoka wapi, alisilimu lini, na kabla ya kusilimu aliitwaje? Tafuteni mzee anayewajua kwa upande wa shangazi, maana shangazi hukumbuka majina ambayo wanaume wameyaacha. Ulizeni kaburi liko wapi na nani aligawa mirathi. Mkikuta hamna uhusiano na Mtemi, mtakuwa mmempata babu yenu wa kweli, na huyo ndiye mnayemdai kwa haki. Kuna watu wanadandia ukoo wa watemi kwa sababu ya mashamba. Msiwe miongoni mwao.

Smith maana yake nini, na lina jina la kufanana nalo kwingine? (Tabora, Ng'ambo)

Mhunzi. Wajerumani wana Schmidt, Wahungaria Kovács, Waarabu Haddad, Waitalia Ferrari. Kovačić mcheza mpira naye yumo, mwana wa mhunzi. Kila penye chuma palikuwa na mtu mmoja kijijini wa kutengeneza majembe, na watu walimtambua kwa kazi yake. Müller ni msaga unga, Fischer ni mvuvi.

Mimi nimeokoka. Jina la babu ni Makoye na nimeambiwa kwenye maombi kwamba linanivutia matatizo, kwa hiyo nilibadilishe niweke Calvin au Cameron. Mwalimu unasemaje? (Kaliua)

Nasema usifanye hivyo, na nakuomba kama ningemwomba mwanangu.

Makoye ni shida, matatizo. Babu yako hakuitwa hivyo kama laana. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa katika kipindi kigumu: pengine njaa, pengine msiba, pengine mama yake aliteseka. Wazee wetu hawakuwa na daftari la matukio, wakayaweka kwenye watoto. Ndiyo maana tuna Mashaka, Tabu, Masumbuko, na Mabula waliozaliwa wakati wa mvua. Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi. Baba yake Mwalimu alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mwaka ambao viwavi waliishambulia nchi. Mwanawe alisoma hapa Tabora, akafundisha hapa Tabora, akaongoza nchi, na jina la viwavi halikumzuia mlango wowote.

Sasa tazama hayo unayotaka kuyavaa. Calvin linatokana na neno la Kilatini la upara. Cameron ni Kigaeli cha Scotland, pua iliyopinda, na jirani yake Campbell ni mdomo uliopinda. Cecilia, ambalo dada zetu wengi wanalo, mzizi wake ni upofu. Wenye majina hayo wanayabeba kwa fahari kwa sababu wanajua ni ya wazee wao. Kama maana ya jina ingekuwa inaleta mkosi, Scotland nzima ingekuwa imepinda pua.

Kuna na upande wa karatasi. Ukibadili jina leo, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho, kadi ya benki na hati ya kiwanja vitakuwa na watu wawili. Nimeona familia ikihangaika na mirathi kwa sababu marehemu alikuwa Makoye kazini na jina jingine kanisani. Aliyekushauri hatakuwepo siku hiyo.

Kama babu angali hai, nenda kamuulize mwaka aliozaliwa kulikuwa na nini. Kama hayupo, muulize yeyote wa rika lake aliyebaki, wiki hii.

Nimeona mtandaoni wanauza "nembo ya ukoo" na historia ya jina lako, hata majina ya Kiafrika. Ni ya kuaminika? (Uvinza)

Usitoe hela yako. Hata Uingereza nembo ilipewa mtu mmoja na wazao wake halali, haikupewa kila mwenye jina hilo. Mwenye jina Smith hana nembo kwa kuwa tu ni Smith. Kwa Mvinza au Muha wanachokuuzia ni mchoro uliobuniwa.

Kwa nini Wamarekani weusi wana majina ya Kizungu? (Sikonge)

Wengi mababu zao waliandikwa kwa majina ya mabwana waliowamiliki, na wengine walijichagulia baada ya kuwa huru. Booker T. Washington alijipa la Washington akiwa mtoto shuleni, alipoona wenzake wana majina mawili na yeye analo moja. Malcolm X aliweka herufi X mahali pa jina la Kiafrika ambalo familia yake ilinyang'anywa na halikujulikana tena. Wewe unayejua jina la babu wa babu yako una kitu ambacho yeye alikitafuta akakikosa.

Nikiolewa nisipochukua jina la mume ni dhambi? (Ujiji)

Waislamu wa mji wako wangekuambia bila mimi: mwanamke hubaki na jina la baba yake. Wahispania nao hubaki na yao, la baba na la mama.

Ronaldo ni ukoo gani? (Kakonko)

Si ukoo. Ni jina la pili alilopewa na wazazi. Ya ukoo ni dos Santos Aveiro, na Aveiro ni mji wa Ureno.

MV Liemba zamani iliitwa Graf von Götzen. Huyo Graf alikuwa nani? (Kigoma, Mwanga)

Graf si mtu, ni cheo cha ukabaila. *Von* ni "wa kutoka". Mwenye jina ni Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Wajerumani ambaye vita vya Majimaji vilianza mikononi mwake mwaka 1905. Jina lake lilikaa kwenye meli hadi Waingereza walipoirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ukitaka jina la ukoo la Kijerumani lililobaki kwenye historia ya meli hiyo, tazama walioijenga huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913: kiwanda cha Meyer, na Meyer ni msimamizi wa shamba la bwana.