Maswali na majibu: Home Depot, duka lililoanza na makopo matupu

Niliandika hapa kwa kifupi juu ya Home Depot, kampuni ya Marekani inayouza mbao, rangi, mabomba na kila kitu cha kujengea na kukarabati nyumba, katika maduka zaidi ya 2,300 Marekani, Kanada na Meksiko. Maswali yamekuja mengi. Nayajibu haya matano.

Ni kweli waanzilishi wake walikuwa wamefukuzwa kazi, au ni hadithi ya kutia watu moyo tu? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli kabisa. Mwaka 1978 Bernie Marcus na Arthur Blank walikuwa wakiongoza Handy Dan, maduka ya vifaa vya ujenzi huko California, na wote wawili wakafutwa kazi. Ken Langone, mtu wa benki ya uwekezaji, akawatafutia mtaji. Tarehe 22 Juni 1979 wakafungua maduka mawili kwa mpigo jijini Atlanta.

Kila duka lilikuwa na futi za mraba 60,000, na pesa ya kulijaza haikuwepo. Basi waliomba makatoni matupu na makopo ya rangi yasiyo na rangi, wakayapanga kwenye rafu za juu hadi karibu na dari, ili mteja akiingia aone mzigo umejaa. Watoto wao walisimama nje wakigawa noti za dola 1 kuwavuta watu waingie.

Lakini makopo matupu hayamrudishi mteja. Kilichomrudisha ni mhudumu aliyevaa aproni ya rangi ya chungwa, ambaye mara nyingi alikuwa fundi wa kweli, na angeweza kukueleza hatua kwa hatua namna ya kuziba bomba linalovuja. Mwaka 1981 hisa ziliuzwa kwa umma kwa dola 12 kila moja. Baada ya kugawanywa mara 13, yaani kila mara hisa kukatwa kuwa nyingi zaidi, hisa 1 ya siku ile leo ni zaidi ya hisa 340.

Kwa nini Robert Nardelli, mkuu wa zamani wa Home Depot, anasemwa vibaya, wakati chini yake mauzo yalikaribia kuwa maradufu? (Mfanyakazi wa benki, Nairobi)

Swali lako ni la haki, na hesabu yako ni sahihi. Nardelli alitoka General Electric mwishoni mwa 2000. Aliikuta kampuni ikiuza karibu dola bilioni 46 kwa mwaka, akaiacha kwenye takriban bilioni 91. Alikuta pia maduka ambayo kila meneja alijiamulia lake, na hilo lilihitaji kurekebishwa.

Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kumwona yule mwenye aproni kama gharama ya kupunguzwa. Wafanyakazi wengi wa kudumu, wale wenye ujuzi, nafasi zao zilichukuliwa na watu wa saa chache. Mteja akawa anazunguka kati ya rafu hamwoni wa kumuuliza. Bei ya hisa haikusonga, huku malipo yake yeye yakipanda. Mei 2006, kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, wajumbe wengine wote wa bodi hawakutokea kabisa, na kikao kikafungwa baada ya kama nusu saa. Januari 2007 aliondoka na kifurushi cha dola milioni 210. Mimi jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu waliojenga jina la duka ndio walioonyeshwa mlango bila kifurushi kama hicho.

Frank Blake aliyemfuata alirudisha mafundi madukani, na Jumapili alikuwa akikaa kuwaandikia wafanyakazi barua za shukrani kwa mkono wake. Alianza wakati mgumu: mauzo, bila kitengo cha HD Supply kilichouzwa mwaka 2007, yalishuka kutoka dola bilioni 77.3 mwaka huo hadi 66.2 mwaka 2009, soko la nyumba lilipoanguka.

Kwenye mizania yao ya miaka ya nyuma nimeona mtaji wa wanahisa uko chini ya sifuri. Walikuwa wamefilisika? (Mwanafunzi wa uhasibu, Dodoma)

Hapana, na vizuri umeangalia mizania yenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa fedha 2019 mtaji, yaani mali ukitoa madeni, ulikuwa hasi kwa dola bilioni 3.1, na mwaka huohuo faida halisi ilikuwa bilioni 11.2. Home Depot ilikuwa inakopa kwa riba ndogo na kununua hisa zake yenyewe sokoni. Hisa zikinunuliwa hivyo, thamani yake inakatwa kwenye mtaji. Ukikata zaidi ya ulichokusanya, unashuka chini ya sifuri hata kama droo ya fedha imejaa. Kufilisika ni kushindwa kulipa madeni yanapofika, na wao walikuwa wakilipa.

Mauzo yanapanda, mbona faida inashuka? (Mtanzania, Atlanta)

Linganisha. Mwaka 2022: mauzo dola bilioni 157.4, faida halisi bilioni 17.1. Mwaka 2024: mauzo bilioni 159.5, faida 14.8. Ila kwenye mauzo hayo ya 2024, bilioni 6.4 zililetwa na SRS, kampuni waliyoinunua katikati ya mwaka, na bilioni 2.5 ni za wiki moja ya ziada, maana mwaka ule wa fedha ulikuwa na wiki 53. Toa hizo, utaona biashara yenyewe imerudi nyuma.

Wewe uko huko, sababu unaiona. Aliyekopa kununua nyumba mwaka 2021 kwa riba ya karibu asilimia 3 hakutaka kuiuza mwaka 2024 akachukue mkopo mpya wa karibu asilimia 7. Watu wasipohama, hawapaki rangi nyumba waliyoingia wala kung'oa makabati ya jikoni.

Wangekuja huku Pwani, sisi mafundi tungefaidi nini? (Seremala, Mombasa)

Fundi, Afrika hawana duka hata moja. Walijaribu China: mwaka 2006 walinunua maduka 12, na mwaka 2012 wakafunga 7 makubwa ya mwisho. Duka lilitengenezwa kwa Mmarekani anayepaka rangi mwenyewe siku ya Jumamosi, kwa sababu kuajiri fundi kwao ni ghali. China, kama Mombasa, mwenye nyumba anakuita wewe.

Lakini sasa hata kwao wanakufuata. SRS niliyoitaja juu waliinunua mwaka 2024 kwa dola bilioni 18.25, na kazi yake ni kuwauzia mafundi: wa mapaa, wa bustani, wa mabwawa ya kuogelea. Inampelekea fundi wa paa mzigo hadi kwenye nyumba anayoezeka, na kumpa muda wa kulipa. Muuzaji wako wa mbao akikubali mbao leo na malipo mwisho wa mwezi, anafanya biashara hiyohiyo.