Uvimbe wa mama na noti za kwenye sidiria

Pole sana, mdogo wangu wa Mbagala. Umeuliza kama uvimbe kwenye titi la mama umeletwa na noti anazobana kwenye sidiria akiwa sokoni. Hapana. Ingekuwa hivyo, Kariakoo nzima ingekuwa wodini.

Saratani huanzia ndani ya seli. Seli ikitaka kugawanyika, kwanza hunakili vinasaba vyake vyote, vilivyofungwa kwenye kromosomu 46, ndipo zitoke seli mbili. Makosa ya kunakili hayakosekani. Kuna protini iitwayo p53: vinasaba vikiharibika, huizuia seli isiendelee mpaka virekebishwe, na ikishindikana huiamuru ijiue. Jeni ya hiyo p53 ikiharibika yenyewe, breki imekatika, seli hugawanyika ovyo. Ila hitilafu moja kwa kawaida haitoshi kuleta saratani. Hujilimbikiza kwa miaka, ndiyo maana saratani nyingi huwapata watu wazima.

Na si kila uvimbe ni saratani. Kwa kupapasa tu hakuna wa kuthibitisha, hata huyo shangazi yako anayeng'ang'ania mama achuliwe. Mpeleke hospitali wiki hii, wachukue kinyama kikapimwe. Ikithibitika ni saratani, ulizia rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Majibu ya maabara ombeni nakala, maana kila dirisha watataka kuiona.