Anza na selimundu

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya maabara, msiyakariri maneno ya jenetiki kama orodha. Mimi nilikariri, mtihani nikafaulu, kisha mama mmoja akaniuliza kliniki: mbona mwanangu ana sikoseli, yaani selimundu, na sisi wazazi ni wazima? Nikakosa la kumwambia.

Ushikeni ugonjwa huo mmoja. Kiini cha seli kina kromosomu 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba. Kromosomu ni uzi mrefu uliokunjwakunjwa wa DNA, kemikali inayobeba maelekezo ya urithi. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza protini. Jeni inayohusika hapa ni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu, iko kwenye kromosomu ya 11. Herufi moja tu ya maelekezo yake ikibadilika, chembe nyekundu inapokosa oksijeni hupinda kama mundu. Ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii huishi 10 hadi 20, ndiyo maana mtoto haachi kupungukiwa damu.

Na hapa wengi hujikwaa: chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo ukitaka DNA kwenye damu unaitafuta katika seli nyeupe.

Sura tofauti za jeni moja huitwa aleli. Mwenye AS ana aleli moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S). Si mgonjwa, msimwandikie hivyo. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu hao wana kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu aleli hii imeenea kwetu.

Robo ndiyo inayohitaji subira. Wazazi wote wawili wakiwa AS, uwezekano wa kupata mtoto wa SS, yaani mgonjwa mwenye aleli mbili za selimundu, ni robo kwa kila mimba. Nimekutana na familia iliyoamini kwamba kwa kuwa wa kwanza anaumwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo kabisa. Rusha sarafu mbili, kisha zirushe tena: hazikumbuki zilivyoangukia mwanzo.

Siku hizi mzazi akiniuliza, nachukua karatasi, naandika A na S upande wake, A na S upande wa mwenzake, nachora mistari hadi kwa mtoto. Sisemi “mmempa ugonjwa.” Nasema, “Kila mmoja wenu alikuwa na herufi mbili, akatoa moja, na hakuna aliyechagua.”